Mafanikio ya Idara

Mwalimu Persis alikuwa amebakiza insha sita za Kidato cha Pili alipoitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Barua aliyoandika Jumatatu kuomba ruhusa ilikuwa bado mezani kwa Bwana Nyangau, haijasainiwa, na leo ni Ijumaa.

"Kisii tena?" Nyangau aliuliza. "Si juzi tu ulikuwa huko?"

"Ilikuwa mwezi uliopita, Mwalimu. Leo naenda kuchukua barua ya tarehe ya kutetea tasnifu. Nikishatetea, nimemaliza."

"Na ukimaliza, unaenda wapi?"

"Siendi popote. Nafundisha."

Nyangau alisaini, akaandika na saa yake ya kutoka kwenye kitabu. Kwa miaka minne alikuwa amemtazama Persis, naibu wake, kwa jicho hilohilo, la mtu anayeamini kwamba shahada ya uzamivu inasomewa kiti chake. Persis alikuwa ameshalizoea. Alikabidhi vipindi vyake, akatembea hadi barabarani Keroka, na kufikia saa nne alikuwa anapanda ngazi za idara ya elimu chuoni, mjini Kisii, viatu vikiwa na udongo mwekundu wa mvua ya jana.

Idara ilikuwa na pilikapilika. Jumanne wangekuja wageni wa kukagua programu ya uzamivu, na Lorna, katibu wa idara, alikuwa amezungukwa na kurasa za kijitabu cha kuwaonyesha: Mafanikio ya Wanafunzi na Wahitimu Wetu. Mpiga picha alitarajiwa saa tano.

"Bwakire, Lorna."

"Bwakire buya, Madam." Lorna aliitikia salamu hiyo ya Kikisii bila kuinua macho. Alivuta droo, akatoa bahasha. "Prof alisema nikupee hii."

Persis aliifungulia palepale. Barua haikuwa na tarehe yoyote ya kutetea. Ilisema kwamba tasnifu yake ilipimwa kwa kompyuta, ikaonekana asilimia thelathini na nane imenakiliwa kutoka kwa kazi ya watu wengine. Mwanafunzi ajieleze kwa maandishi katika siku kumi na nne, la sivyo asimamishwe masomo.

Aliisoma mara mbili.

"Ni kweli, Madam?" Lorna aliuliza polepole. "Ulikopi?"

"Mimi?"

"Mimi nauliza tu. Watu wanaongea."

Persis alikaa kwenye benchi. Ripoti ya kompyuta ilikuwa imeambatishwa. Sura ya nne, ile aliyoizungukia vilima vya Nyamira kwa miezi kumi na moja, ilikuwa imepigwa rangi nyekundu karibu yote. Chini yake palitajwa makala moja iliyochapishwa miaka miwili iliyopita, kuhusu siku za kuchuma chai na wanafunzi wasiofika darasani. Hakuwahi kuisikia. Alianza kujiuliza kama kweli kuna mtu mwingine aliyefanya utafiti uleule, katika shule zilezile, bila walimu wa huko kumwambia.

Macho yake yalitua kwenye kurasa zilizotandazwa juu ya meza. Ukurasa wa tatu ulikuwa na picha ya Daktari Onyiego katika joho jekundu. Alihitimu miaka miwili iliyopita, na sasa alikuwa afisa wa elimu. Orodha za manaibu wanaopandishwa kuwa walimu wakuu zilipitia mezani kwake. Chini ya picha waliorodhesha mafanikio yake. La kwanza lilikuwa makala ileile, aliyoiandika pamoja na Profesa Machogu.

Profesa Machogu ndiye aliyekuwa msimamizi wa Persis.

"Lorna, nifungulie hii makala."

Lorna alitazama mlango wa profesa, kisha akabonyeza. Persis aliinamia kioo cha kompyuta hadi akafika kwenye jedwali la pili. Shule ya Bitutu. Shule ya Nyakerario. Shule ya Sabina. Shule ya Nyaboke.

Mtafiti hataji majina halisi ya shule. Basi Persis alizipa shule zake nne majina ya mama zake wadogo wanne, dada za mamake, kwa mpangilio wa kuzaliwa kwao. Na hapa walikuwa wamepangwa vilevile, kuanzia mkubwa hadi kitinda mimba.

Shule ya Bitutu iliandikiwa wanafunzi 213. Persis aliweka kidole juu ya namba hiyo. Wanafunzi walikuwa 231. Alikosea kuandika katika rasimu ya kwanza, akagundua miezi minne baadaye na kusahihisha. Rasimu yenye kosa hilo ilisomwa na mtu mmoja tu mbali na yeye.

Alikumbuka jinsi rasimu hiyo ilivyokaa kwa profesa mwaka mzima. Kila alipoiulizia, aliambiwa, "Kazi nzuri haiharakishwi, mwalimu."

Aligonga mlango.

Profesa Machogu alikuwa amevaa suti ya kupigiwa picha. Alimkaribisha kwa heshima, akasikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Hayo ni majina ya kawaida huku Kisii, Persis," alisema. "Kila boma lina Bitutu."

"Na kila boma lina Bitutu wa wanafunzi 213, Prof? Hiyo 213 ni makosa yangu. Hata makosa yangu mmechukua."

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Wacha nikuambie kama mzazi. Data ikishaingia idara, ni ya idara. Onyiego alihitaji makala ndiyo ahitimu. Sasa ako pahali anaweza kukusaidia. Wewe mtaje tu. Pale pekundu, andika Onyiego na Machogu, weka alama za kunukuu. Asilimia itashuka, unatetea Septemba, Desemba unavaa kofia. Nyangau anastaafu mwaka ujao. Nani ataweka jina lako mbele?"

"Nimnukuu kwa maneno yangu mwenyewe?"

"Andika vile watu huandika."

Persis aliikunja ile ripoti. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kwa muda kidogo alihesabu: Septemba, Desemba, mwaka ujao. Ilikuwa rahisi. Angemaliza, na hakuna mtu nyumbani ambaye angeuliza zaidi.

Alipotoka, Onyiego alikuwa kwenye ujia na mpiga picha, akinukia manukato, akipeana mikono.

"Mwalimu Persis! Ulipotelea wapi? Njoo usimame hapa kwangu. Nyinyi wanafunzi ndio wageni wanataka kuona."

"Shule ya Bitutu iko wapi, Daktari?" Persis alimuuliza.

Onyiego alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Si iko... upande wa Borabu huko."

"Haiko Borabu."

Mpiga picha aliinua kamera, akaishusha. Persis alirudi ofisini kwa Lorna. Mashine ya kuchapisha ilikuwa ikitoa karatasi, makala nzima ya Onyiego, na kando yake daftari la kupokelea rasimu lilikuwa wazi kwenye ukurasa wa miaka mitatu iliyopita: jina la Persis, tarehe, sahihi ya Machogu.

"Mimi naenda kuchemsha chai," Lorna alisema, akichukua birika. "Sijakupea kitu. Umepata hapo."

Persis alipiga picha ukurasa ule kwa simu, akachukua karatasi. Kwenye benchi aliandika malalamiko yake kwa mkono, kwa mwandiko wa ubaoni, kurasa mbili. Hakutumia neno "wizi." Aliweka tarehe tu, majina, na zile namba mbili.

Ofisi ya masomo ya uzamili na uzamivu ilikuwa chini. Karani aliitwa Brandon, kijana mpole, shati limepigwa pasi vizuri. Alisoma mstari wa kwanza, akamrudishia.

"Madam, hii siwezi chukua. Malalamiko ya mwanafunzi inapitia kwa msimamizi. Lazima asaini."

"Msimamizi ndiye ninayemlalamikia."

"Najua. Lakini hiyo ndiyo utaratibu. Bila sahihi, hakuna vile."

Alimwonyesha fomu. Kweli, nafasi ilikuwapo: Maoni ya msimamizi, Sahihi, Tarehe. Persis alijaza fomu, akaibana pamoja na karatasi zake, akapanda ngazi tena.

Profesa alikuwa anarudi kutoka kwenye picha. Alisoma barua akiwa amesimama. Alipofika ukurasa wa pili, akakaa.

"Unajua unachofanya?"

"Naomba sahihi, Prof."

"Nikikataa?"

"Nitakaa hapo nje. Jumanne nitakuwa bado niko hapo nje."

Walitazamana. Ujiani watu walikuwa wanapita na viti. Profesa alichukua kalamu, akaandika kwa herufi kubwa kwenye nafasi ya maoni: SIPENDEKEZI. Akasaini kwa nguvu, akasukuma karatasi hadi ukingoni mwa meza.

"Umejimaliza mwenyewe," alisema.

Chini, Brandon alikagua fomu kwa kidole. Sahihi ilikuwapo. Tarehe ilikuwapo. Fomu haikusema maoni lazima yawe mazuri. Alipiga muhuri, akaandika namba kwenye faili jipya.

"Kamati hukaa lini?" Persis aliuliza.

"Mwenyekiti akiitisha."

"Mwenyekiti ni nani?"

Brandon alichukua kalamu. Aliinua macho kidogo tu kuelekea dari, kule ghorofani ilipo ofisi ya Profesa Machogu, kisha akajifanya anatafuta kifuniko cha kalamu.

Persis alitoa nakala za karatasi zote, alizozitengeneza kwenye duka la kona kabla ya kurudi, kwa shilingi kumi kila ukurasa, akaziweka mbele yake.

"Nipigie muhuri hizi pia," alisema. "Kila ukurasa. Halafu uniandikie hapo chini mwenyekiti ni nani."

Brandon aliangalia mlango. Kisha akavuta kidau cha wino wa muhuri karibu.