Mstari wa Arobaini na Moja

Saa nne asubuhi, karani wa barua katika ofisi ya ukaguzi wa majengo alisogeza kikombe cha chai pembeni, akafungua mipangilio ya barua pepe. Programu ilikuwa ya zamani, maandishi meupe kwenye kioo cheusi, haina picha wala kipanya. Karani aliweza kubadilisha mipangilio. Kuihifadhi ilikuwa kazi ya mkuu wa ofisi peke yake. Na mstari wa arobaini na moja, alioandika mkuu, uliagiza kila barua yenye neno ufa ifichwe.

Dada yake karani alikuwa ameiandikia ofisi barua tisa kuhusu ufa wa chumbani kwake.

Karani akaurudisha mstari huo kwenye hali ya asili, isiyoficha kitu. Barua elfu mbili na mia tatu zikajitokeza. Nyuma yake, chini ya kibao kisemacho Usipoziba ufa utajenga ukuta, ukuta ukapasuka taratibu, ukaingia upepo unaonukia sabuni ya kufulia. Ng'ambo kilikuwa chumba cha dada yake, anayeishi mwendo wa saa nzima kutoka hapo.

"Kumbe ndipo unapofanyia kazi," dada akasema, akikunja nguo. "Padogo."

"Barua zako zilifichwa, dada."

"Nilijua tu. Hebu nishikie mtoto nisogeze kitanda. Jana kipande cha ukuta kimeangukia mto wake."

Akampitisha mtoto ufani, miguu kwanza. Nywele zake zilikuwa na vumbi la chokaa. Karani alimpakata.

Mkuu akatoka ofisini kwake, akatazama ukuta, akatazama kioo.

"Nani kachezea mipangilio? Zote hizi atazijibu nani, shangazi yangu?"

Akabonyeza vitufe vitatu, akapakia mipangilio upya kama ilivyohifadhiwa. Zikabaki barua kumi na mbili, za kuomba vibali vya mabango. Ukuta ukajifunga, ukawa laini kama ganda la yai.

"Na mtoto asilale juu ya mafaili," akaongeza.

Mtoto alilala hapo hapo mchana kutwa, na karani aliomba saa zisitembee. Saa kumi na moja dada akafika kwa miguu, akasaini daftari la wageni.

"Mwache alale kwangu," karani alisema.

"Sawa. Na wale watoto wa majirani zangu wa ghorofa ya juu, utawalaza wapi?"

Dada akamfunga mwanawe mgongoni, akaenda kumlaza chini ya ufa.

Karani akapangusa chokaa mezani, akafunga programu. Kioo kikamjulisha kwamba hakuna mabadiliko ya kuhifadhi.