Tawi la Mtindi

Kabula alikiosha kibuyu cha mama yake kwa maji ya moto, sabuni ya unga na moyo mweupe kabisa. Alitia changarawe ndani, akakitikisa mpaka mikono ikachoka, akamwaga maji yaliyotoka meusi, akarudia mpaka yakatoka safi. Kisha akakianika juu ya banda la kuku, mdomo ukitazama jua la kijiji cha Nkololo, akasimama kando akijipongeza. Mwalimu wa baiolojia huyo! Miaka nenda rudi anawafundisha watoto wa sekondari mjini Bariadi habari za vijidudu. Leo amekuja likizo ya Juni kumuuguza mama, akute kibuyu kina utando mweusi kama sufuria ya msibani, halafu anyamaze?

Wifi yake Martha, mke wa kaka yake Limbu, alirudi kisimani na ndoo kichwani. Alipokiona kibuyu juani aliitua ndoo polepole.

"Wifi, hicho kibuyu umekifanyaje?"

"Nimekiosha. Kilikuwa kinanuka."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni, na maji ya kuchemka."

Martha akakaa palepale mchangani. "Mayu wee! Wifi, umeua."

Ndipo Kabula naye akaelewa. Katika nyumba ile kibuyu cha maziwa hakijawahi kuonana na sabuni. Kilifukizwa kwa moshi wa kijinga cha mti wa mgunga, na mtindi wa jana ulibakizwa kidogo chini ili uyapokee maziwa ya leo. Ndivyo alivyofanya bibi, na binti wa nyumba ile alipoolewa aliondoka na kibuyu chenye mabaki ya mtindi wa mama yake, asiende kuanza maisha na maziwa ya watu asiowajua. Kabula aliyajua yote hayo. Zaidi ya hayo, alijua kwamba mabaki yale ni bakteria, na kwamba bila wao maziwa hayagandi bali huoza tu. Kila mwaka huwatungia wanafunzi swali la namna hiyo, na anayekosea humkata alama bila huruma. Mganga hajigangi.

Kama ni kibuyu tu, angelia kidogo akasahau. Lakini mama yake, Nyanjige, alikuwa ameanza kupotea akiwa amekaa palepale kwenye mkeka wake. Kwanza yalimtoka majina ya wajukuu, kisha majira ya mwaka, kisha msimu mmoja wa pamba akamsahau Kabula mwenyewe. Siku hizi alimwita nesi. "Nesi, jua limechwa?" Kabula aliitika kwa upole, na kila alipoitika alihisi kitu kinamkwaruza kifuani.

Kilichobaki kwa mama kilikuwa mtindi wa kibuyu chake. Ugali aliusukuma, uji aliutema, lakini akipewa kata ya mtindi aliishika kwa mikono miwili, akanywa, na macho yake yakatulia kidogo kama maji ya lambo upepo unapokata. Hapo ndipo Kabula alipokuwa ameweka tumaini lake lote. Aliamini kwamba siku moja, katikati ya kunywa, mama atainua uso amtaje kwa jina. Likizo nzima alikuja kuisubiri siku hiyo.

Sasa maziwa mapya yaliyotiwa kwenye kibuyu kisafi yakawa machungu. Nyanjige aliyaonja, akayarudisha. Martha akaleta ya kibuyu chake, alichokuja nacho alipoolewa kutoka kwao Nyalikungu. Mama akanusa, akasema kwa adabu, "Mazuri, lakini ni ya ugenini." Wakaleta ya pakiti kutoka mjini; hayo hata hakuyanusa. Siku zikapita. Mama akaanza kukonda, na mganga wa zahanati, aliyekuja kumtazama, akasema bila kuzunguka kwamba asipotia kitu tumboni, watu wa nyumba wajiandae.

Kabula akatoka, akaketi karibu na lundo la pamba ambalo Limbu alikuwa akingoja kulipeleka mnadani. Mchana ulikuwa mweupe, ndama wanalia kwa mbali, na usingizi wa machozi ukamjia akiwa macho. Akaokota kijiti. Mwalimu akikwama huchora, na yeye alianza kuchora mti ule wa nasaba anaouchora ubaoni kila mwaka, ule unaoanza na shina moja chini na kugawanyika juu. Ila safari hii ncha za matawi hazikuwa za samaki, ndege na nyani. Zilikuwa za vibuyu.

Chini kabisa aliweka kibuyu cha bibi. Kutoka hapo, tawi la Nyanjige. Kutoka kwa Nyanjige tawi jingine dogo, la Kabula mwenyewe. Hapo kijiti kilisimama. Naye alipoolewa alipewa mtindi wa mama, akauweka juu ya kabati katika nyumba ya kupanga huko mjini, akasafiri kwa semina, aliporudi umekauka. Akauweka mtindi wa pakiti kwenye friji na maisha yakaendelea. Aliufuta mstari wake kwa kidole. Kisha akaufuta wa mama.

Pakabaki shina, na pembeni nafasi aliyokuwa hajaijaza. Kwani bibi alikuwa na binti mmoja tu? Moyo ukamruka. Akachora tawi la pili upande wa kulia, akaandika mchangani: Salu.

Salu, mama yake mdogo, aliolewa Sapiwi tangu Kabula hajazaliwa, na alikwenda na mtindi wa bibi uleule.

"Bado upo!" Kabula alimpigia kelele Martha, ambaye alikuwa akipepeta mtama na hakujua ni nini kilichopo. "Tawi lilikatika huku, lakini kule halikukatika. Mtindi wa mama upo Sapiwi!"

Kesho yake alipanda bodaboda kabla jua halijapanda sana. Njia ilikuwa vumbi tupu, na mashamba yaliyokwisha kuchumwa yalikuwa na vipande vyeupe vya pamba vilivyosahauliwa, vikitikisika. Kabula aliegemea nyuma, akaacha mawazo yamchukue. Aliwawaza wale wadudu wasioonekana, ambao hata neno wadudu linawavunjia heshima, maana hawana mguu wala bawa, wala kile kiini ambacho seli zetu hukitunza kama mama anavyofunga akiba kwenye pindo la kanga. Mmoja hujigawa wakawa wawili, na hakuna awezaye kusema yupi mama, yupi mtoto. Walikuwapo kabla ya ng'ombe, kabla ya nyasi, kabla ya kuwa na jicho lolote duniani la kuwaona. Wengine waliishi kwenye maji yanayochemka, wengine kwenye magadi, wengine walikula jua na kutoa hewa hii anayoivuta sasa hivi pamoja na vumbi la Sapiwi. Nao bado huazimana vinasaba, jirani kwa jirani, kama watu wanavyoazimana chumvi. Alijihisi mdogo na mwepesi. Ilikuwa kana kwamba pikipiki haiendi Sapiwi bali inateremka, tawi baada ya tawi, kuelekea mahali ambapo kila kilicho hai kiliwahi kuwa kitu kimoja.

"Mwalimu, umelala?" dereva akauliza.

"Nipo, twende."

Alimkuta Salu uani, amenyoosha miguu yake mibovu juani. Kabula akapiga magoti, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, ng'wana wane. Mhola?"

"Mhola duhu." Kisha machozi yakamtoka, na amani yote ya ile mhola ikaishia hapo. Akaeleza habari ya sabuni bila kujificha.

Salu alisikiliza, akaguna, halafu akacheka mpaka akakohoa. "Sabuni! Wewe si ndiye uliyesomeshwa kwa ng'ombe wa baba yako? Ng'ombe wazima wakauzwa, ukajifunze kuua maziwa yao?" Lakini huku akicheka alikuwa ameushika mkono wa Kabula na hakuuachia. "Dada yangu anakula?"

"Hali, mayu. Ndiyo maana nimekuja."

Kicheko kikakatika. Salu akaagiza kibuyu chake kiletwe. Kilikuwa chekundu, kimenenepa, kimefungwa kamba za ngozi. Akamimina mwenyewe kwenye kibuyu kidogo, akakiziba kwa majani. "Mtindi huu umetoka kwa mama yetu," alisema. "Ila huku hatuna mgunga wa kutosha, nafukiza kwa mkwaju. Na mwaka wa njaa niliongezea wa jirani. Mpelekee. Mwambie miguu ndiyo imenizuia."

Kabula alivisikia vyote viwili, mkwaju na jirani, na havikumwambia chochote. Alikuwa na haraka. Alirudi amekikumbatia kibuyu kifuani, akihisi mtindi ukigonga polepole kila walipopita shimo, na njia nzima alisikia jina lake likitamkwa na sauti ya mama.

Nyanjige alikuwa ameegemezwa kwenye mto, mdogo kuliko asubuhi. Martha alisimama mlangoni. Kabula akamimina mtindi kwenye kata, akaipeleka kwa mikono miwili.

Mama alinusa. Alionja kwa ncha ya ulimi. Uso wake ukawa kama wa mtu anayesikiliza mtu anayeita ng'ambo ya mto. Akaonja tena.

"Haya si ya kwangu," alisema.

Kabula akafumba macho. Wanafunzi wake wote walipita mbele yake, wale wanaoandika kila mwaka kwamba sokwe ni babu wa mtu, na yeye na kalamu yake nyekundu: hapana, hapana, sokwe si babu, ni binamu, waliotokea shina moja wakaachana, kila mmoja akabadilika kwa njia yake. Naye amekwenda Sapiwi kumchukua binamu akidhani anamleta mama. Tawi lililokatika limekatika. Tawi la pembeni halifanani nalo hata kama shina ni moja, na maji yakimwagika hayazoleki. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Haya," mama aliendelea taratibu, "ni ya Salu."

Martha akashika mdomo.

"Salu mdogo wangu. Amefukizia mkwaju, mvivu yule, mgunga uko mbali hataki kutembea." Nyanjige akacheka kidogo, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa haijakisikia tangu mvua za mwanzo. "Lakini chini yake, mama yupo. Yupo chini kabisa. Mnamsikia?"

Akanywa. Akanywa mpaka kata ikaisha, akanyoosha mkono, akaongezewa, akanywa tena, na rangi ikarudi midomoni mwake. Macho yakatulia. Akamwinulia Kabula uso, akamtazama kwa muda mrefu kuliko siku zote, na Kabula akasogea karibu.

"Nesi," mama alisema.

"Abee, mayu."

"Usiyamalize yote. Nina binti, anaitwa Kabula. Yuko shule, anasoma sana mtoto yule, atarudi na njaa." Akakishika kibuyu kilichokuwa kando yake, akakitia mikononi mwa Kabula, akavifunika vidole vyake kwa vyake. "Mbakizie kidogo chini."

"Nitambakizia, mayu," Kabula alisema.