Hesabu ya Chafya

Kazi yake ilikuwa kuhesabu chafya za panya, na wenzake wa maabara walimwita Mama Chafya. Alimdondoshea panya tone la kuchokoza pua, akakaa mbele ya kizimba dakika kumi, kidude cha kuhesabia mkononi. Kushoto walikuwa panya wasiotibiwa. Kulia, waliodungwa seli shina za kutuliza pua. Kila asubuhi alianzia kushoto, maana ndivyo alivyofundishwa.

Siri yake ni kwamba panya walewale walimwasha pua yeye mwenyewe. Akisema, ataondolewa, basi akafunga mdomo. Akifika upande wa kulia, macho yanamtiririka na chafya zinafuatana. Na mtu akipiga chafya hufumba macho. Mtu mzima, kazi yake kuhesabu, hilo halikumpitia akilini hata siku moja!

Majibu yakatoka mazuri ajabu: kulia chafya zilikuwa nusu ya zile za kushoto. Daktari mkuu akaandika orodha ya watu wa kwanza kutibiwa, na Mama Chafya akambembeleza mpaka akamwingiza mdogo wake, mwokaji mikate. Unga ulikuwa umemziba pua miaka sita. Alilala ameketi, na harufu ya mkate wake mwenyewe alikwisha kuisahau.

Wiki moja kabla ya sindano ya mdogo wake, iliyopangwa Jumatatu, zililetwa barakoa mpya zenye kichujio. Pua ikatulia. Siku hiyo kushoto alihesabu chafya arobaini na moja, kulia arobaini na mbili. Akarudia siku tatu. Hapakuwa na tofauti yoyote.

Kunyamaza kulikuwa rahisi mno, na alikutamani, tusimsifu bure. Lakini mdogo wake adungwe kwa sababu ya chafya ambazo yeye hakuziona? Akaenda akasema yote. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akamwambia aache funguo mezani. Majaribio yakasimamishwa siku hiyohiyo.

Jioni alimkuta mdogo wake kitini, mdomo wazi, akihema. Akamweleza mwanzo mwisho, na kwamba kazi hana tena.

"Ungenyamaza tu, dada," akasema. "Mimi nilikuwa naisubiri Jumatatu."