Mashine ya Wageni

Gahongayire aliingia darasani na chupa ya siki kwapani. Alikuwa ameinunua mwenyewe dukani hapo Nyakabanda, na bei ilikuwa imepanda tena. Mkono wa pili ulikuwa mtupu, na wanafunzi walikwisha kuuona.

"Ticha, Dirikteri amekataa tena?" aliuliza Hirwa.

"Anasema iko ya wageni."

Darasa likaguna. Mashine ya kupimia asidi ililetwa mwaka jana, ikafungiwa kwenye kabati la kioo ofisini kwa Dirikteri Nkusi, mkuu wa shule. Hutolewa wageni wakija, watu wapige picha, kisha hurudi ndani. Wiki ijayo watoto hawa wanafanya mtihani wa vitendo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona ikiwaka.

Basi akawafundisha kwa mdomo huku akizimua asidi mbili sawasawa, kila moja kwenye glasi yake. Hii ya haidrokloriki, aliwaambia, ikiingia majini huvunjika yote. Hii ya siki, katika chembe mia, huvunjika kama moja tu.

"Na zile zingine, Ticha?"

"Zimekumbatiana. Zimekataa kuachana."

"Kama Kaliza na Arthur!" alipayuka Hirwa. Kaliza akamtupia kifutio.

Gahongayire alicheka mpaka akashika meza. Aliwapenda, watundu hawa. Aliandika ubaoni Ka, namba inayoonyesha asidi inavunjika kiasi gani, na alikuwa karibu kuwapa namba zenyewe wazikariri bila kupima, mlango ulipofunguliwa. Nkusi, wageni wawili, na mashine.

"Madamu, mtoto mmoja aishike. Picha tu," Nkusi alimnong'oneza. "Usiwashe, itaharibika. Na ujue mkataba wako bado uko mezani kwangu, sijasaini."

Kaliza aliishika mashine juu ya glasi ya siki, kifuniko cha plastiki bado kwenye ncha yake. Akatabasamu kama walivyofundishwa. Halafu, bila kuacha kutabasamu, akauliza kwa sauti ndogo:

"Ticha, namba inatokea wapi?"

Swali la mtoto wa kidato cha mwisho. Lilimchoma Gahongayire kuliko kitisho cha mkataba. Akachomoa kifuniko, akabonyeza kitufe, akaushika mkono wa Kaliza na kuushusha mpaka ncha ikazama.

Namba zikayumba, zikatulia.

"Mbili nukta tisa!" Darasa zima likasimama, wa nyuma wakapanda madawati.

"Mana we! Kumbe kweli haivunjiki sana! Ingevunjika yote, ingesoma moja!"

Mgeni mmoja akapiga makofi. Nkusi naye akapiga, mara mbili, kisha akanyoosha mkono.

"Inatosha, Madamu. Lete. Tutaongea ofisini."

"Nitakuja, Dirikteri." Akaichukua mashine mkononi mwa Kaliza. "Hii ilikuwa dhaifu. Bado ile kali, ya haidrokloriki."

Akaisuuza ncha kwa maji, akampa Hirwa mashine.