Boliti Nyembamba

Haya niliambiwa na binti yangu Jumapili iliyopita, tukichambua mchele. Gari la mumewe la porini lilikuwa kila likikanyaga shimo, usukani unatetemeka kama wenye homa. Mume akamshuku mdogo wake aliyeliazima.

"Kanibadilishia vyuma huyu! Hagusi tena gari langu."

Mdogo mtu akaja. "Kaka, ingia uvunguni. Mimi nachezesha usukani, wewe tazama kinacholegea."

Kaka akaona chuma kinachoshika ekseli kikicheza. Boliti ilikuwa nyembamba kuliko tundu lake.

"Nani kaitia?" mdogo mtu akauliza.

Kaka aliitia mwenyewe, mwezi uliopita.

"Kikulacho ki nguoni mwako!" mdogo mtu akamcheka.

Wakatia nene, wakakaza, mtetemo ukaisha. Mdogo mtu akaliazima tena gari, akaondoka nalo. Kaka alichelewa kulala, akizishuku boliti zote alizowahi kukaza.