Mlango wa Mbele wa Mahakama ya Tolbert

Tangu mahakama ya Kaunti ya Tolbert ijengwe, watu weusi waliingilia mlango wa chini, upande wa kaskazini, penye mapipa ya makaa. Sheria haikusema hivyo. Ilikuwa desturi tu, na desturi za Georgia, kusini mwa Marekani, zilikuwa na meno. Arzula Tolliver, mkunga, alipita huko miaka yote kuandikisha watoto aliowazalisha. Babu yake ndiye aliyechoma matofali ya jengo lile na kusimamisha nguzo zake za mbele, akafa hajakanyaga ngazi zake.

Agosti ya 1965, sheria mpya ya kulinda haki ya watu weusi kupiga kura ilipotoka, Arzula alivaa kofia ya kanisani akamwambia mdogo wake Idella, "Leo napandia mbele."

"Na magoti yako hayo?"

"Nayo yanapanda. Siyaachi nyumbani."

Walipanda polepole. Uwanjani watu wakageuka kuwatazama. Juu, kati ya nguzo, Dewey Strand, naibu wa sherifu, kijana wa Kizungu, alijaa mlangoni.

"Shangazi," alisema, kama Wazungu walivyowaita wanawake weusi wazee ili wasiwaite Bibi, "umepotea. Mlango wenu uko chini."

"Mimi si shangazi yako, Dewey. Ningekuwa shangazi yako ungekuwa na adabu. Ila nilikuzalisha mimi. Ulitanguliza miguu, na siku hiyo pia uliziba njia."

Kuna aliyecheka huko chini. Masikio ya Dewey yakaiva.

"Ukivuka hapa nakukamata!"

"Nikamate basi. Jela imo humo ndani. Itabidi unipitishe hapahapa."

Moyo wake ulikuwa ukidunda hata akaogopa kofia itatikisika. Hakurudi nyuma. Jua liliwachoma wote watatu, hadi Dewey akageuza bega. Hakuwapisha hasa, lakini nafasi ilitosha. Arzula akamvuta Idella wakapenya.

Ndani akainua macho. Juu kabisa kulikuwa na kuba la vioo vya rangi, na mwanga wake ulimwagika kwenye ngazi za marumaru. 

"Uzuri wote huu," alinong'ona, "na sisi tunanusishwa makaa."

Karani wa kuandikisha wapiga kura aliwaona akafunga dirisha lake. "Chakula cha mchana!"

"Kula taratibu, mama," Arzula akajibu, akaketi kwenye benchi chini ya kuba. "Tupo."

Alasiri dirisha lilifunguliwa, wakajiandikisha wote wawili. Jumatatu iliyofuata, foleni ya watu weusi ilianzia mlangoni, ikashuka ngazi, ikauzunguka uwanja.