Pikapu Nyeupe ya Rwamishenye

Mimi hasira zangu ziko karibu, Nshamba nzima inajua. Kwa hiyo siku fundi Muharami aliponiambia nisinunue ile pikapu nyeupe, nilimfokea mbele ya watu, uani kwake Kashai, mjini Bukoba.

Nilikuwa nimechoka kukodi magari. Kila wiki nilipeleka ndizi Bukoba, na kila wiki mwenye gari alirudi kwake na faida kubwa kuliko mimi niliyelima. Nikauza ng'ombe wangu wote wawili. Hela ile ilitosha gari moja tu. Nikikosea, sina ng'ombe, sina gari, na watoto wanasubiri ada.

Ndipo Isaac wa Rwamishenye akanionyesha pikapu yake. Rangi inang'aa, bei ya kutupa. "Ina matatizo madogo madogo tu," alisema. Tukaipeleka kwa Muharami aikague, nikamweleza kuwa hela ni ya ng'ombe wangu wote. Nilikuwa nimemfungia fundi kahawa ya kutafuna kwenye jani kavu la mgomba, maana kwetu huendi kumwomba mtu jambo mikono mitupu.

Muharami alifungua boneti, akatoa kifuniko cha oili, akapitisha kidole ndani yake. Kilitoka na kitu kizito, rangi ya chai ya maziwa iliyolala.

"Maji yanaingia kwenye oili, mama. Injini hii imeshachemka, tena si mara moja."

"Si utatengeneza? Wewe kazi yako nini?"

"Nitatengeneza. Utapanda nayo mlima na mzigo, itachemka, utarudi. Mwezi ujao utarudi tena. Hiyo bei ndogo ni ya siku ya kwanza tu. Usinunue."

Isaac alicheka, akasema mafundi wengine wana wivu. Nikadaka neno hilohilo. Nikamwambia Muharami kwamba hapendi kuona mwanamke wa shamba akimiliki gari. Alijifuta mikono kwa tambara. Nikairudisha kahawa yangu kwenye mkoba, nikaondoka.

Lakini pikapu sikuinunua. Kile kidole kiligoma kunitoka kichwani.

Miezi mitatu baadaye nikapata nyingine Muleba mjini, nyekundu iliyopauka, mlango mmoja umefungwa kwa waya. Nilimeza aibu yangu, nikampigia Muharami simu. Alikuja siku ileile. Alilala chini yake kwenye tope, kisha akaipakia mawe na kuipandisha mlimani mara mbili.

"Hii ina sura mbaya tu," alisema. "Nunua."

Mwaka umepita sasa. Inabeba ndizi zangu na za majirani, na ada imelipwa. Juzi nilikwenda Kashai kumshukuru fundi. Uani nikaikuta pikapu nyeupe, iko juu ya mawe, haina injini. Sada, mke wa Muharami, aliniona ninavyoikodolea macho.

"Aliinunua mwenye duka mmoja," alisema. "Ililetwa hapa ikivutwa kwa kamba, na tangu hapo kila mwezi inarudi kutengenezwa. Hela ya kuitengeneza ndiyo imetupaulia nyumba, dada. Bati zote hizo unazoziona."

Nikazitazama bati. Zilikuwa mpya.

"Siku ile ulipofoka," Sada akaendelea, "hapa hapakuwa na kazi nyingine hata moja. Tulikuwa tunakula mara moja kwa siku. Nilimuuliza kwa nini asikuache ununue. Akaniambia umeshauza ng'ombe."

Muharami alipotoka nyuma ya nyumba nilimpa mkungu wa ndizi na kifurushi cha kahawa, kwa mikono miwili. Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Nikamwambia watoto wangu wanasoma kwa sababu yake.

Alifungua lile jani, akatafuna punje mbili, akatabasamu.

"Ni ile ya siku ile?"

Kumbe aliniona nikiirudisha mkobani.

"Hapana, waitu, ndugu yangu," nikamjibu. "Ile niliimaliza peke yangu njiani, kwa hasira."